Kigoda cha Mzee na Kipandio cha Mtoto

Wanaoandika habari za utamaduni wetu hawakuacha kuandika juu ya viti, lakini viti walivyovishughulikia ni vile vya wakubwa. Tumesoma habari za viti vya enzi vya Lamu na Unguja, vilivyotengenezwa kwa mpingo na kutiwa nakshi za pembe za ndovu. Tumesoma juu ya kiti cha mtemi wa Unyamwezi, kilichochongwa kwa gogo moja na kupewa egemeo refu lenye umbo la mtu, ambacho kilichukuliwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 kikapelekwa Berlin. Tumesoma pia jinsi Waasante wa Ghana walivyoingia vitani mwaka 1900 baada ya gavana wa Kiingereza kuthubutu kudai Kigoda chao cha Dhahabu. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipotaka kumuenzi Mwalimu Nyerere mwaka 2008, kilianzisha Kigoda cha Taaluma. Katika lugha yetu, basi, neno kigoda limebeba heshima na mamlaka.

Sisi tunataka kuzungumza juu ya kigoda kisichokuwa na mamlaka yoyote. Ni kile kibao kifupi cha mti ambacho mtoto wa miaka miwili hukipanda ili mikono yake ifike mezani, au ifike kwenye maji ya kunawa. Mafundi wengine hukiita stuli; sisi tutakiita kipandio, maana kazi yake ni kupandiwa wala si kukaliwa. Huenda msomaji akauliza kitu kidogo namna hii kina historia gani. Kinayo. Katika nyumba ya zamani ya nchi ya Mbulu kipandio hakikuwa na kazi. Kilianza kuhitajika pale nyumba zetu zilipoinuka zikamwacha mtoto chini.

Tumeichagua Maretadu kuwa mfano wetu. Hiyo ni kata ya Wilaya ya Mbulu, kusini mwa mji wa Mbulu, upande wa Dongobesh na Haydom. Tangu mwaka 2002 iko katika Mkoa wa Manyara. Kabla ya hapo ilikuwa katika Mkoa wa Arusha. Wenyeji wake wengi ni Wairaqw, ambao sisi wengine tumezoea kuwaita Wambulu. Lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, na majirani zao ni Wadatoga, Wanyiramba, Wanyaturu na Wahadzabe, hata inasemwa kwa haki kwamba ni sehemu chache sana za Afrika ambapo lugha za asili mbalimbali namna hii husikika kwa mwendo wa siku moja. Kutoka nchi yao ya milimani karibu na Kainam, Wairaqw walienea katika karne ya 20, wengine wakienda kaskazini hadi Karatu, wengine kusini hadi pande hizi na Hanang. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni nayo iliendesha mpango wa kufyeka vichaka vyenye mbung'o na kuhamisha watu na mifugo kutoka katika ardhi iliyochoka. Kwa hiyo familia nyingi za pande hizi zilijenga nyumba zao katika ardhi mpya, lakini kwa ujuzi wa zamani.

Na nyumba hiyo ya zamani ilikuwaje? Ilikuwa tembe, tena tembe la namna yake. Mjenzi alichimba ubavu wa mlima, akasimamisha nguzo, akalaza miti juu yake, kisha akafunika kwa udongo, hata mtu aliyesimama upande wa juu aliona paa likilingana na ardhi. Wazee husimulia kwamba nyumba za namna hii zilikuwa kinga dhidi ya wavamizi waliokuja kuteka ng'ombe, na kwa hakika mifugo ililala humo humo pamoja na watu. Ndani mlikuwa na giza, moshi na joto zuri, kwani baridi ya Mbulu si jambo la kuchezea.

Tuitazame nyumba hiyo kwa macho ya mtoto. Mafiga matatu yalikuwa chini. Jiwe la kusagia mtama na ulezi lilikuwa chini, na mama alipiga magoti mbele yake. Vibuyu vya maziwa na mitungi ya maji vilikuwa chini au viliegemezwa ukutani. Chakula kiliwekwa chini, na walaji walikizunguka. Isipokuwa dari la kulalia na la kuwekea vitu, karibu kila kazi ya nyumba ilifanyika chini ya goti la mtu mzima. Mtoto aliyejua kutambaa alikuwa amekwisha kufika mahali pote pa maana, na aliyejua kusimama aliweza kuangalia ndani ya chungu. Hakuna aliyehitaji kumwinua ili aone mama anafanya nini. Alijifunza kusaga kwa kukaa karibu na anayesaga.

Tusidanganyike, lakini, tukadhani kwamba nyumba hiyo ilikuwa pepo ya watoto. Moto nao ulikuwa chini. Mtoto aliyefikia unga alifikia pia kaa la moto na chungu kinachochemka, na makovu ya kuungua katika mikono ya watu wazima wengi wa vijijini ni historia ambayo haikuandikwa kitabuni. Wazee wetu waliijua hatari hiyo, wakaikabili kwa macho ya ndugu wakubwa: dada wa miaka saba alipewa mdogo wake kumchunga, naye aliwajibika. Ilikuwa njia ya busara katika nyumba yenye watu wengi. Katika nyumba ambayo dada huyo yuko shuleni tangu asubuhi, njia hiyo haipo tena.

Kitu cha kukalia katika nyumba hiyo kilikuwa kigoda cha miguu mitatu kilichochongwa kwa gogo moja, cha aina ile ile inayojulikana kwa Wagogo, Wahehe na Wanyamwezi. Mzee aliketi juu yake nje ya nyumba wakati wa mazungumzo na pombe, hasa pale ambapo mmoja wao alisimamia slufay, yaani dua ya Wairaqw ambayo husemwa kama utenzi na kuitikiwa na waliohudhuria. Kigoda kilikuwa kifupi, kizito, cheusi kwa mafuta na kukaliwa miaka mingi.

Kwa nini miguu mitatu? Wanafunzi wanaosoma jometri watakuwa na jibu. Nukta tatu zozote hukaa katika bapa moja, kwa hiyo kigoda cha miguu mitatu hakiwezi kuyumba hata kikiwekwa juu ya sakafu ya udongo yenye mabonde. Mguu wa nne ungeelea hewani. Wachongaji wetu hawakuhitaji kuambiwa kanuni hii na mtu. Sakafu yenyewe iliwafundisha. Lakini kigoda hicho, ambacho ni kamili kwa mtu anayekaa, kina kasoro kubwa kwa mtu anayesimama. Kutokuyumba si sawa na kutopinduka. Pembetatu yenye pande sawa inayochorwa ndani ya duara huchukua asilimia 41 tu ya eneo la duara hilo, ilhali mraba huchukua karibu asilimia 64. Maana yake ni kwamba, miguu ikiwa wima chini ya ukingo, zaidi ya nusu ya uso wa kigoda iko nje ya miguu yake. Mzee akikaa, uzito wake huwa katikati na miguu yake mwenyewe iko ardhini ikimsaidia. Mtoto akisimama na kunyoosha mkono mbele, uzito wake huhamia ukingoni, kati ya mguu na mguu, na hapo ndipo kigoda hupinduka. Fundi hodari hupunguza hatari hii kwa kuitanua miguu nje, nasi tumeona vigoda vya zamani vilivyotanuliwa vizuri sana. Hata hivyo hakuna aliyevichonga akiwa na mtoto aliyesimama akilini.

Kisha nyumba zikabadilika. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji, na katika miaka iliyofuata nyumba zilizotawanyika mabondeni na vilimani ziliachwa au zilivunjwa. Katika kijiji kipya hapakuwa na ubavu wa mlima kwa kila mtu. Nyumba zilijengwa wima, za miti na udongo, baadaye za matofali ya kuchoma na paa la bati, na kwa wale waliojaliwa, zenye sakafu ya saruji. Meza ikaingia, ikafuatiwa na kabati. Katika miaka ya 1980 Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini kilichopo Arusha kilikuwa kikieneza mitambo ya gesi ya samadi, na jiko la gesi haliwekwi chini. Hali kadhalika majiko sanifu ya udongo yalijengwa juu ya kizimba, ili mama asiiname katika moshi.

Mabadiliko hayo yalikuwa na faida, nasi hatuna hamu ya kurudi katika moshi. Moto ulioinuliwa ni moto uliowekwa mbali na mtoto. Lakini pamoja na moto viliinuliwa pia maji, chakula, kisu na kazi yenyewe. Meza ya kawaida ina urefu wa sentimita 75 hivi. Mtoto wa miaka miwili ana urefu wa sentimita 86 hivi, na kiwiko chake kiko karibu nusu mita tu kutoka ardhini. Meza hiyo humfika kidevuni. Haoni kinachofanywa juu yake, na mtoto asiyeona hufanya mojawapo ya mambo mawili: huvuta kitambaa cha meza, au hutafuta kitu cha kupanda.

Ni hili la pili linalotupa shida. Katika nyumba ya mmoja wa jamaa zetu tulimwona mtoto amepindua ndoo ya plastiki, amepanda juu yake kufikia bakuli la maandazi. Tulicheka. Siku nyingine ndoo ikateleza juu ya saruji yenye maji, kidevu kikagonga ukingo wa meza, na ulimi ukakatwa kwa meno. Hatukucheka. Wengine hupanda debe, kreti la soda, gunia la mahindi, au kile kigoda cha babu cha miguu mitatu ambacho tumekwisha kueleza tabia yake. Mzazi anayesema kwamba nyumbani kwake hakuna kipandio hajatazama vizuri. Kipo, isipokuwa mtoto amekichagua mwenyewe.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, jambo hili lilionekana hadharani. Mbele ya kila duka, ofisi, zahanati na nyumba ya ibada iliwekwa ndoo yenye koki juu ya meza au kigingi kirefu, na watu wote waliambiwa wanawe mikono. Watu wote, ila wale ambao mikono yao huenda kinywani kuliko ya mtu mwingine yeyote. Mtoto alinyanyuliwa kwapani na mama yake, maji yakamwagika kifuani pake. Kile kibuyu chirizi kinachotumika katika shule nyingi, ambacho huinamishwa kwa kukanyaga kijiti kilichofungwa kamba, kwa desturi huning'inizwa chini kiasi cha mtoto kukifikia, na kwa hiyo kilikuwa kifaa cha haki zaidi kuliko ndoo ya duka.

Methali yetu husema mtoto akililia wembe mpe. Tunaiheshimu, maana kidole kilichokatwa kidogo hufundisha. Lakini methali hiyo imezungumzia wembe. Haikuzungumzia sufuria la maji ya moto, wala haikusema mtoto apewe ndoo ya kusimamia. Hapa ndipo hoja ya kipandio inapokuwa ngumu, nasi hatutaki kuificha. Kipandio kinachobebeka hubebwa. Mtoto aliyekizoea kwenye maji ya kunawa atakiburuta hadi kwenye jiko. Kifaa kile kile kinachomrudishia nafasi yake katika kazi za nyumba kinaweza kumrudishia moto ambao jiko la kuinuliwa lilimwondolea. Maoni yetu ni kwamba kipandio kiwekwe mahali pamoja, mbali na moto, na wakati wa kupika kiondolewe au kifungiwe. Si kifaa cha kumwacha mtoto peke yake. Ni kifaa cha kusimama kando ya mtu mzima.

Wazo la kupima vyombo kwa mtoto si geni duniani. Tarehe 6 Januari 1907 daktari wa Kiitaliano, Maria Montessori, alifungua mjini Rome nyumba ya watoto wa maskini, na baadaye akaagiza meza na viti vidogo ambavyo watoto waliweza kuvibeba wenyewe. Kwetu, vituo vya kulelea watoto viliundwa katika vijiji vya ujamaa ili akina mama waende shambani, na Sera ya Elimu ya mwaka 1995 iliyapa madarasa ya awali mahali pake katika mfumo wa elimu. Lakini mtoto wa miaka miwili bado ni wa nyumbani, na nyumbani kuna fundi seremala wa kijiji. Tumgeukie huyo.

Sakafu ya saruji imemruhusu kutumia miguu minne, au afadhali zaidi, mbao mbili pana za ubavuni badala ya miguu. Ubao wa juu uwe na upana wa sentimita 40 na kina kisichopungua 25, ili miguu yote miwili ya mtoto ikae na nafasi ibaki. Kimo kiwe sentimita 20 tu. Kimo hicho huinua kiwiko cha mtoto hadi karibu na uso wa meza, nacho ni kimo ambacho akianguka hataumia sana. Kama beseni liko juu zaidi, fundi atengeneze vidato viwili, kimoja mbele ya kingine, wala asirefushe kimoja.

Jambo la kwanza kuliko yote ni kutanua sehemu ya chini. Fundi ashushe timazi kutoka kila ukingo wa ubao wa juu: uzi uangukie ndani ya nyayo za kipandio, usiangukie nje. Akimaliza kuunga, asimame akandamize kila pembe kwa mkono wake wenyewe kwa nguvu zote. Pembe ikiinuka upande wa pili, kazi irudiwe. Mbao za inchi moja zinatosha, za mgrivea au msonobari uliokauka sawasawa. Mbao mbichi husinyaa, na kiungo kilichobana leo hulegea mwezi ujao. Tunapendelea ulimi wa mbao unaoingia katika tundu na kutiwa gundi, au skrubu zilizozamishwa. Msumari hujitokeza polepole kwa kutikiswa, na wa kwanza kuugundua huwa unyayo wa mtoto. Mbao mbili za ubavuni zifungwe kwa ubao wa kati, kwani kipandio kisicho na kifungo hulegea kwa kuburutwa.

Kingo zote zilainishwe kwa randa na msasa hadi kidole gumba kipite bila kuhisi pembe. Tundu la kushikia, likiwekwa, liwe refu la kutosha kuingiza kiganja kizima cha mtu mzima. Tundu dogo hunasa kidole cha mtoto. Juu pasipigwe vanishi ya kuteleza. Chini, vipande vya mpira wa ndara kuukuu vikigundishwa katika nyayo huzuia kipandio kisiteleze juu ya saruji yenye maji, na kila nyumba ina ndara iliyokatika. Kuhusu rangi tuwe wakali. Mtoto hutafuna kingo, na rangi yenye madini ya risasi ni sumu kwa ubongo wake. Nta ya nyuki inatosha, na Mbulu ni nchi ya nyuki. Wachongaji wa vigoda vya gogo walikausha kazi yao polepole kivulini na kuipaka mafuta ili isipasuke. Ujuzi huo haujapitwa na wakati.

Neno kidato, ambalo tumelitumia hapo juu, linastahili kuangaliwa. Asili yake ni ule mtema unaokatwa katika shina la mnazi ili mkwezi aweke mguu, kisha likawa kila kipandio cha ngazi, na hatimaye likachukuliwa kutaja madarasa ya sekondari. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili anayesoma makala haya, basi, amesimama kwa jina juu ya mti uliotemwa. Watu wa pwani walipotafuta neno la kueleza kupanda kwa elimu walichagua chombo cha mguu.

Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule zifanye kazi za mikono, na shule nyingi zilipata karakana ndogo. Baadhi zimebaki, nyingi zimekuwa stoo. Hata hivyo kipandio hakihitaji karakana. Mwaka 2016, wakati wa kampeni ya madawati, mafundi nchini kote walipasua mbao usiku na mchana, na tangu hapo kazi ya madawati, milango na vitanda imeendelea kuwa riziki kubwa ya seremala wa kijijini. Vitu hivyo huacha vipande. Ukipita karakana yoyote jioni utaviona vimerundikwa mlangoni, vya sentimita 30, vya 40, vya inchi moja, vinne au vitano vikitosha kipandio kizima. Hakuna aliyemwagiza fundi kipandio, kwa hiyo hukusanya vipande hivyo katika gunia, akampelekea mkewe kuwashia moto.